Siku kumi na moja: nyumba moja ya Lubumbashi ilivyobadilishwa mabomba yote

Kazi niliyoahidi kuimaliza kwa siku tano ilichukua siku kumi na moja. Siku sita zilizozidi hazikutokana na uvivu wala vifaa kuibwa. Zilitokana na mambo ambayo mwenye nyumba angeweza kuyauliza mapema kama angejua yapo, na ambayo mimi, fundi, nilipaswa kuyajua hata bila kuulizwa. Majina, mtaa na chochote cha kumtambulisha mtu nimeviondoa. Bei nimezisogeza kidogo tu.

Nyumba na wenyewe

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, ya chini, iliyojengwa wakati mji bado unaitwa Élisabethville, yaani kabla ya 1966. Kuta za nje zina unene wa shubiri moja na nusu. Ndani mna vyumba vitatu, bafu kubwa, bafu dogo la wageni na jiko. Nyuma ya parsele, yaani kiwanja, kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili anamokaa mpangaji. Tangi la lita 500 limesimama juu ya mnara wa chuma wa mita 4 hivi. Maji ya mji yakikatika, nyumba inakunywa kutoka pale.

Mwenye nyumba ni mama mjane, mwalimu mstaafu, anayeishi na wajukuu wawili na binti wa ukoo anayemsaidia kazi. Pesa zinatoka kwa mtoto wake mkubwa anayefanya kazi mbali. Kwa hiyo kila uamuzi ulipita kwenye simu kwanza, kisha ukarudi mezani kwa mama, kisha ukaenda tena kwenye simu.

Mabomba yote yalikuwa ya galva, chuma kilichopakwa zinki, ya tangu nyumba inajengwa. Mwaka huo yalikuwa yamevuja mara tatu. Ukuta wa korido ulikuwa na doa lenye umbo la jani la muhogo, na kila juma doa lilikua. "Papa fundi," mama aliniambia siku ya kwanza, "asubuhi nikifungua robine, nafikiri mtu amenipikia chai."

Kabla ya kugusa nyundo

Watu wengi wakiona maji yanatoka kwa uchovu wanailaumu kampuni ya maji. Huenda ni kweli, huenda siyo, na kujua kunahitaji bidoni moja na saa ya mkononi. Tulijaza bidoni (dumu) ya lita 20 kwenye robine (koki) ya uani, iliyo karibu kabisa na kompteri, yaani mita ya kuhesabia maji: ilijaa kwa dakika 1 na sekunde 20, yaani lita 15 kwa dakika. Tukaipeleka bidoni ile ile kwenye dushi ya bafu kubwa. Ilichukua dakika 6 na sekunde 40. Hapo ni lita 3 kwa dakika. Maji yalikuwa yanafika kwenye parsele vizuri. Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa inayanyonga.

Kisha tulifunga robine zote na kuitazama kompteri. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka polepole, bila haya. Maji yalikuwa yanakwenda mahali, na bili ilikuwa inayahesabu.

Nilifungua kiungo kimoja cha pembe nyuma ya jiko. Sikukikata, nilikifungua kwa spana, na zile hesi, yaani meno ya kukazia bomba, zikabaki mkononi kama makombo ya mkate mkavu. Bomba hilo lilikuwa na upenyo wa milimita 16 likiwa jipya. Sasa ndani kulikuwa na vinundu vya kutu, vyeusi chini na vya rangi ya chungwa juu, na tundu lililobaki lilipitisha kalamu ya risasi kwa kusukuma. Kalamu ya risasi ni milimita 7. Ukipiga hesabu, nafasi ya maji kupita ilibaki chini ya sehemu moja kwa tano.

Kipande hicho nilimpa mama akishike. Sikusema neno. Alikigeuza, akachungulia upande mmoja kama darubini, akasema, "Na haya ndiyo tunayokunywa."

Kukarabati au kubadilisha

Mtoto mkubwa alipinga kwenye simu. "Mzee, badilisha pale panapovuja tu. Mengine tutaona." Hakuwa mtu wa ubahili; alikuwa ameshalipia uvujaji mara tatu na kila mara aliambiwa ni mwisho. Nilimweleza hivi: galva huliwa kwanza kwenye hesi, kwa sababu fundi wa zamani alipokata hesi aliondoa zinki na kupunguza unene wa chuma. Ukikaza spana ili kurekebisha kiungo kimoja, unatikisa hesi ya jirani ambayo nayo imebaki na unene wa karatasi. Ndiyo maana uvujaji wa pili ulitokea mita moja na nusu tu kutoka ule wa kwanza, na wa tatu ukaufuata. Maji yanayokuja na kukatika huongeza ubaya: kila bomba likibaki tupu, hewa inaingia, na chuma chenye unyevu kikikutana na hewa huoza upesi. Juu ya hayo, bomba tupu lenye tundu linaweza kuvuta maji machafu ya ardhini kuingia ndani. Katika mji unaojua kipindupindu, hoja hiyo haihitaji maelezo marefu.

Alikubali nyumba kubwa ibadilishwe yote. Nyumba ndogo ya nyuma aliikataa. Alisema mpangaji anaweza kusubiri. Sikukubaliana naye, lakini pesa hazikuwa zangu.

Njia ya kupita

Hapa ndipo tulipotumia akili zaidi, na kama kuna sehemu ya kisa hiki mwenye nyumba aisome mara mbili ni hii. Swali ambalo karibu kila mtu analiuliza ni aina ya bomba. Swali linaloamua gharama ni bomba litapita wapi.

Mabomba ya zamani yalikuwa yamezikwa ndani ya kuta, chini ya karo (vigae) za bafu ambazo leo hazipatikani tena dukani. Kuyang'oa kungekuwa kuibomoa nyumba. Tuliamua kuyaacha humo yamekufa, yamekatwa na kuzibwa, na kutafuta njia nyingine.

Njia ya darini ilionekana rahisi mpaka nilipopanda ngazi. Bapa za dari zilikuwa za kijivu, ngumu, za simenti yenye nyuzi, aina iliyotumika sana zamani na ambayo mara nyingi ina amianti (asbesto). Vumbi la amianti ukilivuta linaingia kwenye mapafu na halitoki. Bapa nzima isiyoguswa haina shida kubwa. Ukiipiga msumeno mkavu juu ya vichwa vya watoto, hilo ni jambo jingine. Sikuwa na uhakika kama ndiyo au siyo, na kwa sababu hiyo hatukuikata hata bapa moja.

Tukabaki na njia ya nje: bomba kuu lizunguke ukuta wa nyuma, chini ya paa, na kuingia ndani mahali panapohitajika tu. Katika nchi za baridi kali fundi hawezi kufanya hivyo, maji yangeganda na kupasua bomba. Sisi Juni na Julai tunatetemeka kwa baridi, lakini si ya kugandisha maji ndani ya bomba. Adui wetu ni jua. PPR, bomba la plastiki, ikikaa miaka juani hukauka na kuvunjika kama biskuti, kwa hiyo kila kipande cha nje kilivishwa sponji ya kuhifadhi joto na juu yake kifuniko cha bati jembamba. Mtoto mkubwa aliona kifuniko hicho kwenye picha akauliza kama ni urembo.

Dukani

Tulichagua PEHD, plastiki nyingine, nyeusi, ya milimita 32 kwa sehemu ya ardhini, kutoka kompteri hadi nyumba, na PPR ndani. PPR haina gundi wala hesi kati ya bomba na bomba. Inayeyushwa na kushikana ikawa kitu kimoja.

Kuna mtego hapa. Namba iliyoandikwa kwenye PPR ni upana wa nje. PPR ya 20 ya PN20 (daraja la presha inayohimili) ina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo ndani inabaki 13.2. Fundi anayeondoa galva ya milimita 16 ndani na kuweka PPR ya 20 "kwa sababu zinafanana" amempunguzia mwenye nyumba maji na kumtoza pesa. Na nyumba hii nusu ya wakati inaishi kwa tangi. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa presha ya bari 1. Tangi la mita 4 linatoa 0.4 tu. Maji yenye nguvu ndogo hivyo yanahitaji njia pana. Tuliweka 32 kwa bomba kuu, 25 kwa matawi, na 20 kwa kipande cha mwisho kinachoingia kwenye robine, basi.

Kwenye kenkayeri (duka la vifaa) ya kwanza tulipewa fungu lililoandikwa PN20 kwa herufi kubwa. Nilitoa kipimo changu cha kubana: ukuta wa bomba la 25 ulikuwa milimita 3.4. Unatakiwa kuwa 4.2. Muuzaji alisema, "Papa, ni kiwanda kingine." Tukaenda duka jingine. Ziara hiyo ilikula nusu siku.

Siku zenyewe

Kazi ilianza Agosti, kiangazi, na huo ulikuwa uamuzi wa makusudi: mitaro haijai maji na lipu inakauka. Lakini udongo wetu mwekundu wakati huo ni tofali. Jembe lilirudi, tukachukua sururu, na mtaro wa sentimita 50 niliouwekea siku moja ulichukua mbili.

Kabla ya kukata chochote siku ya kwanza, tulifunga robine ya muda karibu na kompteri, tukaiacha nyumba ndogo kwenye bomba lake la zamani kwa vane (vali) ya peke yake, tukajaza mapipa mawili. Mama aliniwekea sharti moja: choo kimoja kifanye kazi kila usiku, hata kwa ndoo. Tulilitimiza, na nadhani ndilo lililotuwezesha kuheshimiana hadi mwisho. Nyumba isiyo na choo siku tatu inamgeuza mteja mpole kuwa mtu mwingine.

Kuta zilitushinda siku ya tatu. Keekee yangu ndefu kuliko zote haikufika upande wa pili. Tulikodi nyingine, tukapoteza mchana. Bafu kubwa tuliliingia kwa mlango wa nyuma: badala ya kuvunja karo, tulifungua ukuta kutoka upande wa chumba cha mama, ndani ya kabati la nguo, tukapata mgongo wa robine za dushi. Karo mbili tu zilipasuka. Mama alihamisha vitenge vyake kitandani na kutuangalia tukitoboa kabati lake bila kusema lolote, kimya ambacho nilikiogopa kuliko kelele.

Siku ya sita umeme ulikuwa dhaifu. Taa zilikuwa za njano. Pasi ya kuunganishia PPR inapaswa kufika nyuzi 260. Bomba la 20 linakaa humo sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha unalisukuma moja kwa moja bila kulizungusha na kulishika mpaka litulie. Kitaa cha pasi kilikuwa kimewaka kijani, msaidizi wangu akaendelea. Kwenye kona ya jiko aliunganisha kude, kiungo cha pembe, akiwa juu ya kigoda, mkono mmoja umeshika ukuta. Kwa macho kiungo kilikuwa safi. Kizuri hata, kina duara moja laini la plastiki iliyosukumwa nje. Upande wa ukutani, ambao hakuna aliyeuona, duara hilo halikuwapo.

Mwashi alitaka kufunika ukuta wa jiko jioni ile ile. Analipwa kwa kazi, si kwa siku, na alikuwa na mteja mwingine anayemngoja. Nilimwambia hakuna simenti kabla ya jaribio. Alikasirika na kuondoka, akatuachia siku moja bila mwashi. Narudi baadaye kwenye hasira yake, kwa sababu alikuwa na haki kwa namna fulani.

Jaribio lilifanyika siku ya saba. Unaziba midomo yote, unasukuma maji kwa pampu ya mkono hadi bari 10 wakati maji ya mji pale hayakuzidi 2.5, unaangalia mshale. Plastiki inatanuka, kwa hiyo mshale hushuka kidogo mwanzoni, unaupandisha tena. Wetu ulishuka, tukaupandisha, ukashuka hadi 7 kwa dakika ishirini. Tulizunguka na karatasi ya chooni kavu, tukigusa kila kiungo. Kona ya jiko, upande wa ukutani, karatasi ililowa. Tulikata, tukaunganisha upya kwa jenereta, tukajaribu tena asubuhi ya nane. Saa moja, mshale haukusogea.

Siku ya tisa mwashi alirudi. Sisi tulitoa vichujio vidogo vya midomo ya robine ili uchafu usinase, tukaosha mabomba, kisha tukatia kwenye tangi gramu 36 za HTH, dawa ya klorini, ya asilimia 70, kiasi kinachotoa kama miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Tulifungua kila robine mpaka harufu ifike, tukafunga, tukaacha hadi kesho yake. Hakuna aliyekunywa wala kuoga. Kesho yake mchana tulimwaga yote mpaka harufu ikaisha.

"Mayi inapiga"

Siku ya kumi, saa kumi jioni, nilikuwa uani nahesabu vifaa. Tangi la kuchemshia maji lilikuwa limewashwa kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Binti wa nyumba alikwenda kunawa miguu bafuni. Nikasikia sauti, si ya kulia, ya kushangaa: "Papa! Mayi inapiga!"

Aligusa robine kwa mkono uliolowa na kitu kikamchoma hadi kiwiko. Nilizima disjonkteri kuu, swichi ya umeme wa nyumba nzima, kabla ya kumuuliza swali lolote. Alikuwa salama. Baadaye, kila mtu akiwa nje ya bafu, nilirudisha umeme kwa muda mfupi na kupima kati ya mwili wa robine na sakafu: volti sitini na kitu.

Maelezo ni mepesi na yananiaibisha. Kiini cha umeme ndani ya tangi lile kilikuwa kimechoka na kinavujisha umeme kwenye chuma, huenda kwa miaka. Nyumba haikuwa na waya wa ardhi. Ila ilikuwa na mita nyingi za chuma zilizozikwa kwenye udongo, yaani mabomba yenyewe. Umeme uliovuja ulishuka kwa galva kwenda ardhini na hakuna aliyehisi. Galva zile mbovu zilikuwa zinafanya kazi ya pili ambayo haikuandikwa kwenye devi (makadirio ya gharama) yoyote. Sisi tukazikata, tukaweka plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Tukalibakiza tangi lenye chuma kinachovuja, halina pa kumwaga isipokuwa mkono wa mtoto wa watu.

Siku ya kumi na moja alikuja fundi umeme. Alibadilisha kiini cha tangi. Alipigilia nondo ya shaba ya mita moja na nusu pale nyuma ya bafu ambapo udongo haukauki kabisa hata Septemba, akavuta waya wa ardhi hadi kwenye tangi na kwenye sehemu za chuma za bafuni, akafunga kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme mara tu unapovuja. Nilipima tena. Sifuri. Nikapima mara ya pili, kwa sababu nilikuwa siamini tena.

Tulivyoacha nyumba

Bidoni ya lita 20 kwenye dushi: dakika 1 na sekunde 50. Kompteri ilisimama robine zikifungwa. Maji ya asubuhi ni meupe. Doa la korido lilikauka, ingawa rangi mpya bado inaonyesha alama ya lile jani mchana jua likipiga kwa upande.

Juma la kwanza halikuwa tulivu. Usiku wa pili choo cha bafu dogo kilianza kuvuja kwenye boya, kwa sababu boya la miaka hiyo lilikuwa limezoea maji ya kuchuruzika na sasa lilipata maji kweli. Robine mbili za zamani zilianza kudondosha. Hayo yatatokea katika kila nyumba inayobadilishwa mabomba, na ni vyema mtu atenge kiasi kwa ajili yake. Bomba la maji moto, lenye mita 8 ukutani, nalo lilijipinda kama upinde wa mwindaji: PPR hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi, na kutoka nyuzi 20 hadi 60 hiyo ni milimita 48. Nilirudi kuliwekea pindo la kupumulia, bure, kwani kosa lilikuwa langu.

Devi ilikuwa dola 1,850: vifaa 780, kazi 650, uashi 300, usafiri na mengineyo 120. Tulimalizia 2,640: vifaa 820, kazi ile ile 650, uashi na karo na rangi 610, umeme 330, jenereta, mafuta, kukodi na usafiri 230. Tazama kilichokua. Mabomba yenyewe hayafiki theluthi ya pesa yote, na yaliongezeka dola 40 tu.

Kilichofaa na kilichotuangusha

Kupima kwa bidoni kulitupa lugha moja. Mtoto mkubwa alipokuwa na shaka, sikumwambia "niamini". Nilimwambia dakika 6 na sekunde 40, naye akaelewa. Kuyaacha mabomba ya zamani ndani ya kuta kuliokoa karo na, kwa makadirio yangu, siku nne. Kupitia nje si kuzuri kwa macho, lakini bomba likivuja litavuja kwenye ua, na utaliona.

Jaribio kabla ya lipu ndilo lililookoa kazi. Kude ile ya jiko ingefunikwa, ingelowesha ukuta polepole, na baada ya miezi tungekuwa na doa jipya. Lakini mwashi aliyekasirika hakuwa mjinga. Nilimwita siku ya sita wakati nilijua, au ningepaswa kujua, kwamba jaribio lisingekuwa tayari kabla ya ya saba. Mwenye nyumba akipokea ratiba aitafute siku ya jaribio; kama haimo, ratiba hiyo imeandikwa na mtu anayetumaini tu.

Kosa la umeme dhaifu nalihesabu kuwa la usimamizi, si la kijana. Kitaa cha kijani kinasema pasi ilifika joto. Hakisemi kama limebaki humo baada ya viungo vitano mfululizo. Siku hizi taa zikiwa za njano tunawasha jenereta au tunalala.

Kosa la waya wa ardhi ni la uzito mwingine kabisa, na silichanganyi na hayo. Nilikuwa na kipimo cha umeme kwenye begi tangu siku ya kwanza. Nilichunguza kutu, presha, udongo, dari. Sikuuliza tangi la maji moto limefungwa ardhini kwa kitu gani. Mwenye nyumba anayetoka chuma kwenda plastiki amlete fundi umeme kabla ya bomba la kwanza kukatwa, na kama fundi bomba atasema hiyo si kazi yake, ni kweli si kazi yake, amlete hata hivyo.

Jambo dogo: vyuma vilivyotoka. Wasaidizi wangu walianza kuvibeba jioni kama mitray, yaani vyuma chakavu, kwa desturi. Mama akauliza vinakwenda wapi. Hatukuwa tumeandika. Aliwaachia, ila niliona uso wake, na sasa naandika.

Na jambo ambalo sikulipanga likafaa kuliko nilivyodhani: kabla ya kufunika kuta, mjukuu mkubwa alipiga picha kila ukuta akiwa ameweka futi kamba kando ya bomba. Nilichora mchoro mmoja kwa kalamu nzito ndani ya mlango wa kabati la nguo, pale pale tulipotoboa, ukiwa na vane zote na namba zake. Miezi mitatu baadaye kijana aliyekuja kutundika kioo bafuni alifungua kabati, akatazama, akasogeza tundu lake sentimita kumi na mbili.

Nyumba ndogo ya nyuma bado iko kwenye galva yake. Mpangaji huja na ndoo kwenye robine ya uani asubuhi, maji ya kwake yakiwa bado rangi ya chai, na mama humwambia mtoto wake kwenye simu kila anapomwona akipita. Mtoto anasema kiangazi kijacho. Vane yake nimeiwekea utepe mwekundu.